Dakika 4 za kompyuta zinanitolea chai kali, dakika 4 za saa ya mkononi inatoka safi. Kwa nini?

#1 Mvuke Mweupe
Habari wakuu. Naomba tusaidiane hili, limenikaa kichwani.

Kazi yangu ni ya kompyuta kutwa nzima na chai haikauki mezani. Majani ni yaleyale, kikombe kilekile, birika la umeme lilelile. Nikipima dakika 4 kwa saa ya mkononi chai inatoka vizuri: imekolea, inanukia, haiachi ukakasi ulimini. Nikipima dakika 4 hizohizo kwa kipima muda cha kompyuta (kile cha kwenye kivinjari, unafungua ukurasa, unaandika muda, unabonyeza anza) inatoka kali, nyeusi, ulimi unakauka. Si mara moja wala mbili. Imefika mahali ninayeishi naye anaonja tu na kuniambia leo umetumia kompyuta.

Dai langu ni kwamba kompyuta haihesabu dakika kama saa. Nani anajua kinachoendelea humo ndani?

#2 Kaa la Moto
Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa.

#3 Dirisha la Tatu
Mkuu una hoja, ila umeilaumu sehemu isiyo yenyewe. Saa ya ndani ya kompyuta haina shida, shida ni ule ukurasa. Kipima muda cha kwenye kivinjari ni msimbo wa JavaScript unaoomba kuamshwa kila baada ya muda fulani. Ukihamia kichupo kingine, kivinjari kinaubana ukurasa uliojificha ili kuokoa betri na nguvu ya prosesa. Chrome, kwa mfano, tangu toleo la 88 la mwaka 2021, ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika 5 na usiotoa sauti unaweza kuamshwa mara moja tu kwa dakika.

Sasa kama aliyeandika ule ukurasa anahesabu kwa kupunguza sekunde moja kila anapoamshwa, dakika nzima ya ukweli inahesabiwa kuwa sekunde moja. Mwandishi makini hafanyi hivyo. Anaandika saa ya kumalizia, kisha kila akiamshwa anaitazama saa na kukokotoa kilichobaki. Hapo hata akilala sana, akiamka anajua ni saa ngapi.

Kwa hiyo majani yako yanakaa majini muda mrefu kuliko unavyoambiwa.

#4 Jiwe la Kusagia
#3 mkuu, soma tena ulichoandika. Umesema ukurasa uwe umefichwa zaidi ya dakika 5. Mleta uzi anapima dakika 4, na ili abonyeze anza ni lazima ukurasa uwe mbele yake. Kubanwa huko hakujaanza, kengele imeshalia.

#5 Dirisha la Tatu
#4 hiyo nakupa, kwa kipengele cha dakika 5. Lakini hata kabla ya hapo ukurasa uliofichwa hauamshwi zaidi ya mara moja kwa sekunde. Kuna kurasa zinazoonyesha sehemu za kumi za sekunde, zinaomba kuamshwa mara kumi kila sekunde. Ukurasa wa namna hiyo, ukiwa umeandikwa kwa kupunguza moja moja, ukifichwa unaenda mara kumi polepole. Dakika 4 zinakuwa 40. Kwa hiyo inategemea ukurasa gani, na hilo mleta uzi hajasema.

#6 Kaa la Moto
Dakika 40 hiyo si chai tena, ni rangi ya viatu 😂

#7 Bibi wa Birika
Wanangu mmeingia ndani ya kompyuta kabla hamjauliza birika liko wapi. Saa mtu kaivaa mkononi. Anamimina maji kwa mkono mmoja, anabonyeza kwa mwingine, na ikilia yuko palepale. Kompyuta iko mezani. Anamimina, anatembea, anavuta kiti, anatafuta ukurasa, anaandika 4, ndipo anabonyeza. Muda wote huo majani yameshaanza kazi yao. Na kengele ikilia, nani anayenyanyuka papo hapo? Anamalizia sentensi kwanza, anatuma barua pepe, ndipo anakumbuka kikombe.

Mwanangu Mvuke, birika lako na kompyuta yako vimeachana hatua ngapi?

#8 Mvuke Mweupe
Shikamoo bibi. Jiko liko mwisho wa ukumbi, kompyuta chumbani. Toka kumimina mpaka kubonyeza naona ni kama nusu dakika hivi. Lakini nusu dakika ndiyo ikaushe ulimi?

#9 Mkaguzi wa Majani
Kazi yangu ni kuonja chai, niseme kidogo hapa.

Vilivyomo ndani ya jani havitoki kwa mwendo mmoja. Mwanzoni vinatoka kwa kasi, halafu kasi inashuka kadiri jani linavyoishiwa. Ndiyo maana nusu dakika kati ya dakika 1 na 1½ inabadilisha kikombe sana kuliko nusu dakika kati ya 4 na 4½. Kafeini inatangulia kutoka. Polifenoli, hasa zile kubwa zinazoipa chai nyeusi rangi yake, zinachelewa zaidi, na ndizo zinazoshikana na protini za mate mpaka ulimi unahisi umekauka. Huo ndio ukakasi anaousema mleta uzi. Watu wanauchanganya na uchungu, lakini uchungu ni ladha na ukakasi ni mguso.

Swali langu kwake: ni majani ya vifuko au majani mazima? Ya vifuko yamesagwa laini, maji yanayafikia kote mara moja, yanamaliza karibu kila kitu ndani ya dakika chache. Kwa majani hayo nusu dakika ya mwisho haina nguvu ya kuharibu kikombe. Kwa majani mazima yaliyosokotwa bado kuna mengi ya kutoka, na hapo hoja ya bibi inapata uzito.

#10 Mvuke Mweupe
#9 ni majani mazima, nayaweka kwenye kichujio cha ndani ya kikombe.

#11 Bibi wa Birika
Marahaba. Basi mmesikia wenyewe. Na nusu dakika ni ya mwanzo tu, ya mwisho hajaitaja.

#12 Mshale Mweusi
Mambo ya kurasa za mtandaoni achaneni nayo. Kwenye Linux fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika

sleep 240; notify-send "Chai tayari"

kwisha. Inasubiri sekunde 240, kisha inaleta arifa. Hakuna kichupo, hakuna kubanwa, hakuna matangazo. Au tumia `at now + 4 minutes` kama hutaki kuacha terminali wazi.

#13 Jiwe la Kusagia
#12 hiyo ya `sleep` sawa, ya `at` hapana. `at` inafanya kazi kwa dakika nzima, sekunde inazitupa. Ukiiagiza saa 4:10 na sekunde 50, itakulilia 4:14 kamili, maana yake dakika 3 na sekunde 10. Ukiiagiza 4:10 na sekunde 2 unapata karibu dakika 4 zote. Chai ya leo nyepesi, ya kesho nzito, halafu unakuja kufungua uzi.

Na hata `sleep` ina lake. Ukifunga kifuniko cha kompyuta mpakato ikalala, ule muda wa kulala hauhesabiwi. Ukifungua tena, inaendelea pale ilipoachia. Mtu akifunga kompyuta ili aende jikoni akasubiri huko, atasubiri sana.

#14 Mshale Mweusi
#13 nani anafunga kompyuta ndani ya dakika 4? Acha kuwatisha watu na terminali yangu.

#15 Jiwe la Kusagia
Hafungi mtu, inajilalia yenyewe kuokoa betri. Mipangilio ya mwenye mashine hiyo.

#16 Mzani Sawa
Nimeona wote mnachukua 4 kama imeshuka kutoka mbinguni. Kiwango cha kimataifa cha chai bora, ISO 3103, kinasema dakika 6. Gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, chombo cha kauri chenye mfuniko, dakika 6. Mleta uzi akikaa 4 na nusu bado yuko chini ya kiwango, kwa hiyo ukali hautokani na muda.

#17 Mkaguzi wa Majani
#16 vipimo umevitaja sawasawa, ila kiwango hicho hakizungumzii chai bora. Kilitolewa 1980, kikatokana na kile cha Uingereza, BS 6008, na kikapitiwa upya 2019. Kazi yake ni kuwawezesha waonjaji wa sehemu mbalimbali kulinganisha sampuli kwa njia moja. Dakika 6 kwa maji yanayochemka zinalisukuma jani litoe kila kitu, mazuri na kasoro zake, ili mwonjaji azione. Ni kikombe cha ukaguzi, hakikutengenezwa ili mtu akinywe anapofanya kazi. Mimi navionja hivyo kazini na sivitamani nyumbani.

Kile cha Uingereza kilipewa tuzo ya Ig Nobel (ile ya utani inayoiga Nobel) ya fasihi mwaka 1999, kwa kurasa sita za kueleza jinsi ya kutengeneza kikombe cha chai. Watu walicheka, ila sisi tunaokitumia tunajua bila kurasa hizo hakuna mnunuzi angemwamini mwonjaji wa upande wa pili.

#18 Nukta Nne
Kwa wanaotaka programu ya kweli ya chai badala ya ukurasa: KDE, wale watengenezaji wa programu za Linux, wana KTeaTime. Inakaa kwenye upau chini kama alama ya kikombe, unabofya, unachagua aina, inahesabu. Imekuja na chai nyeusi dakika 3, Earl Grey dakika 5, chai ya matunda dakika 8, na unaongeza zako. Naipenda kwa sababu sihitaji kuandika chochote. Mibofyo miwili na nimerudi kwenye kazi. Hapo ule muda wa kutafuta ukurasa alioutaja bibi unakatika.

#19 Kaa la Moto
Tatu, nne, tano, sita, nane. Tukifika kumi mniamshe.

#20 Mama Kichujio
Mimi nina kisa cha kazini. Mwenzangu alikuwa analalamika kila siku kwamba programu yake ya kupima muda hailii. Nikakaa pembeni yake nikaangalia. Kompyuta ameiweka kwenye hali ya usisumbuliwe, arifa zinakuja bila mlio na zinajificha. Sauti yote inakwenda kwenye vipokea sauti, navyo kavivua kaviweka mezani. Programu ilikuwa inalia kwa uaminifu ndani ya vipokea sauti ambavyo havina sikio.

Mvuke, sauti yako inatokea wapi? Kama ni kwenye vipokea sauti, angalia hapo kwanza kabla ya JavaScript.

#21 Mvuke Mweupe
#20 inatokea kwenye spika, naisikia. Asante mama.

#22 Chini ya Mlima
Hakuna aliyeuliza kikombe kinasubiri wapi! Mleta uzi, ukitumia kompyuta unakibeba kikombe na majani yakiwa ndani? Au unakiacha jikoni?

#23 Mvuke Mweupe
#22 nakibeba. Nikitumia saa ya mkononi nabaki jikoni mpaka ilie.

#24 Chini ya Mlima
Basi jibu hilo hapo. Unapotembea na kikombe maji yanacheza. Majani yaliyotulia yanazungukwa na maji ambayo tayari yameshiba, utokaji unapungua. Ukiyatikisa, maji mapya yanalifikia jani na kazi inaanza upya. Kubeba kikombe ukumbi mzima ni sawa na kukikoroga. Dakika ni zilezile, mkorogo ndio tofauti.

Na joto pia lihesabiwe. Mimi naishi juu sana. Maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu kwa takriban kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kwenye mita 1500 yanachemka karibu na 95. Dakika zinazoandikwa kwenye pakiti kwangu hazitoshi kwa chai nyeusi. Kwa chai ya kijani sijali, ile inataka 70 mpaka 80 hata hivyo.

#25 Mkaguzi wa Majani
#24 mkorogo una nguvu, nakubali. Ila joto linavuta upande wa pili: kikombe kilicho wazi kikitembezwa kinapoa haraka, na maji yaliyopoa yanatoa kidogo. Vitu viwili vinavutana, na bila kipimajoto huwezi kusema kipi kinashinda.

#26 Dirisha la Tatu
Ukurasa gani mkuu? Bado hujajibu.

#27 Sikio la Paka
Nasema kitu ambacho labda hakitapendwa. Huenda chai ni ileile. Ukinywa jikoni umesimama, umetulia, unaonja. Ukinywa mbele ya kompyuta unameza huku unasoma, na ulimi unakuja kukumbuka kikombe kikiwa kimepoa nusu. Na huyo mnayeishi naye anakuona ulikokaa, anajua jibu kabla ya kuonja.

Njia ya kujua ipo tangu zamani. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliieleza mwaka 1935, kwa mfano wa mwanamke aliyesema anaweza kuonja na kujua kama maziwa yametangulia au chai imetangulia. Vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vimechanganywa ovyo, mwonjaji anaambiwa ni vinne kwa vinne. Anayebahatisha ana nafasi moja tu kati ya 70 ya kuvipata vyote. Fanya hivyo na mwonjaji wako, asiwepo unapotengeneza.

#28 Mama Kichujio
Vikombe 8 vya chai kwa mkupuo, huyo mtu hatalala 😄

#29 Sikio la Paka
Aonje, asimeze.

#30 Mshale Mweusi
Wakati tunasubiri matokeo: mnajua intaneti yenyewe ina msimbo wa kosa wa birika? 418, "mimi ni birika la chai". Ulitungwa Aprili mosi 1998 kwa ajili ya itifaki ya kutengenezea chai.

#31 Jiwe la Kusagia
#30 kahawa. Ile RFC 2324 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya 1998 ni itifaki ya mabirika ya kahawa, na 418 ni jibu la birika la chai linapoagizwa litengeneze kahawa. Chai yenyewe iliongezwa mwaka 2014 kwenye RFC 7168, nayo Aprili mosi.

#32 Nukta Nne
Mkiwa huko msisahau chumba cha Trojan, Cambridge. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili mtu aone kama lina kitu kabla ya kutoka chumbani kwake. 1993 picha ikawekwa kwenye wavuti, na ikazimwa 2001. Ndiyo kamera ya kwanza ya wavuti ambayo watu wengi wanaitaja. Kilichowasumbua ni hikihiki cha bibi: chombo kiko kule, kompyuta iko huku, na mtu yuko katikati. Wao walileta picha, sisi tunaleta kengele.

#33 Bibi wa Birika
Ahsante mjukuu, umenisemea.

#34 Kaa la Moto
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Ule utando unaotokea juu ya chai ikikaa, unaovunjika vipande ukikoroga, ni dalili ya kupitisha muda?

#35 Mkaguzi wa Majani
#34 ni maji zaidi kuliko muda. Maji yenye chokaa nyingi yana kalisi na bikaboneti, zinakutana na vitu vya chai na hewa juu ya kikombe, utando unajengeka. Michael Spiro wa Imperial College, London, aliuchunguza sana. Ukitumia maji yasiyo na chokaa unaondoka, na ukidondoshea limau unapungua, ila limau litaipausha rangi ya chai pia. Chai ikikaa muda mrefu utando unaongezeka kwa sababu umepewa nafasi.

#36 Mvuke Mweupe
Wakuu nimerudi. Nimefanya mlivyosema, nayaweka kama yalivyo.

Kwanza muda. Nimeanzisha saa ya mkononi na ule ukurasa kwa pamoja, ukurasa ukiwa mbele yangu. Zimelia pamoja. Nikarudia huku nafanya kazi kwenye kichupo kingine: ukurasa umechelewa sekunde chache tu. Ukurasa hauonyeshi sehemu za kumi za sekunde, #26.

Pili kuonja. Vikombe 8, vinne nimebaki jikoni na saa, vinne nimevitembeza mpaka kwenye kompyuta na kuvirudisha. Nimepanga kwa kuchota karatasi, mwonjaji alikuwa nje. Amepata vitatu kati ya vinne kila upande, yaani sita kati ya nane.

#37 Sikio la Paka
Asante kwa kufanya kazi ya kweli mkuu. Sasa hesabu: kupata vitatu au zaidi kwa kubahatisha ni njia 17 kati ya 70, karibu robo. Haitoshi kusema anaitambua, na haitoshi kusema haitambui.

#38 Chini ya Mlima
Robo ni kwa anayebahatisha. Huyu amekuwa akisema hivyohivyo kabla ya jaribio. Mimi nasimama na mkorogo: vile vikombe vimetembea kwenda na kurudi.

#39 Dirisha la Tatu
Na "sekunde chache tu" hazikutoka hewani. Ni ukurasa uliofichwa kwa dakika 4 na kichupo kimoja. Siku ya kazi una vichupo ishirini na kompyuta inahema. Jaribu siku hiyo.

#40 Bibi wa Birika
Kwenye jaribio alikuwa anakimbilia kengele kwa sababu alikuwa anajaribu. Siku ya kazi hakimbilii. Mpimeni akiwa hajui anapimwa.

#41 Mkaguzi wa Majani
Kabla ya yote hayo, Mvuke: majani umeyapima kwa mizani au kwa kijiko? Majani mazima kwenye kijiko yanadanganya, kijiko kimoja kinaweza kubeba zaidi sana ya kingine kwa jinsi yalivyojilalia.

#42 Mvuke Mweupe
Kijiko. Mizani ya gramu sina, nitaazima. Mwenye programu ya kompyuta inayoweza kuanzishwa kwa kuiita kutoka jikoni aiweke hapa, nataka vikombe vya duru ya pili vianze kuhesabiwa maji yakigusa jani.

#43 Nukta Nne
Simu yako iweke jikoni, iunganishe na kompyuta kwa KDE Connect. Ina sehemu ya kutuma amri: unabonyeza kwenye simu, kompyuta inaendesha ile `sleep` ya #12. Nitakuandikia hatua jioni.